Farasi Aliyeletewa Isale

Harufu ya farasi iliingia nyumbani kwetu kabla ya baba. Ilikuwa harufu ya jasho, ya ngozi ya tandiko na ya majani makavu, na ilipopenya mlango wa jikoni sisi watoto tulijua kwamba wakati wa kupiga kelele umekwisha. Mama alipunguza kuni chini ya sufuria ya makande, mimi nilishusha miguu kutoka kwenye kochi, na kaka yangu Eliamani alitoka kupitia uani kama mtu aliyekumbuka kazi. Mpaka leo nikipita karibu na farasi mabega yangu hupanda yenyewe. Halafu hushuka, kwa sababu harufu hiyohiyo ndiyo iliyonipa siku nzuri kuliko zote za utoto wangu. Mambo hayo mawili sijawahi kuyatenganisha, na siku hizi nimeacha kujaribu.

Tulikaa Kikwe, kule chini ambako Mlima Meru unaonekana mzima siku za jua na hauonekani kabisa miezi ya baridi. Baba alifanya kazi kwenye shamba moja lililofuga farasi wa kupandisha watalii, mwendo wa kutembea kutoka kwetu. Walimwajiri kwa sababu alisifika kijijini kwamba anajua wanyama, na kweli aliwajua, ila kwa njia moja. Ng'ombe wake wa kulima walinyoosha mfereji akikohoa tu, na punda wetu hakuthubutu kusimama njiani na madumu ya maji. Mnyama na mtoto, alisema, hulelewa kwa ufito mmoja. Kila alipouchukua ule ufito juu ya kabati alitanguliza maneno, "Samaki mkunje angali mbichi," na kwa miaka mingi mimi niliamini kwamba maneno hayo yamo kwenye Biblia. Sikumwona kuwa mtu mbaya. Nilimwona kama mvua ya mawe, kitu kinachokuja na kupita, na mwenye akili hukaa chini ya paa.

Eliamani hakuwa na akili ya namna hiyo. Alikuwa kidato cha pili, mrefu, mwenye kucheka ovyo, na mwaka ule watu walikuja kumwambia baba kwamba wamemwona kijiweni kwa vijana wa bodaboda saa za shule. Jumapili yake, ibada ilipokwisha, waumini walisimama nje ya kanisa kwenye mnada, ule wa kuuza mikungu ya ndizi, mayai na kuku walioletwa kama sadaka. Eliamani alisema jambo, wenzake wakacheka. Baba alivua mkanda. Alimpiga palepale, mbele ya kwaya, mbele ya mabinti wa kipaimara, na jogoo wa mnada akiwa bado ananing'inia mkononi mwa mzee wa kanisa. Eliamani hakulia. Aliokota daftari lake la nyimbo, akalipangusa vumbi, akashika njia ya barabara kuu. Jioni tulisikia kwamba yuko Kikatiti kwa shangazi. Wiki iliyofuata tulisikia kwamba anaziba pancha kwa fundi mmoja kando ya barabara, na kwamba ameapa hatakanyaga tena nyumbani.

Kwetu sisi Wameru, kama kwa Wachaga, ugomvi wa namna hii una dawa yake. Kuna isale, ule mmea wa majani marefu membamba tunaoupanda kwenye mipaka ya mashamba. Aliyekosa huchuma jani, hulifunga fundo, hulipeleka kwa aliyemkosea, na anayeletewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Ndugu za baba walikaa sebuleni kwetu, wakanywa chai, wakaamua kwamba Eliamani alete isale kwa baba yake na mambo yaishe. Hakuna aliyeuliza isale ianzie upande gani. Mtoto humpelekea mzazi, mdogo humpelekea mkubwa, maji hayapandi mlima. Kwa hiyo baba alingoja. Eliamani hakuleta kitu. Mama aliendelea kumpakulia sahani yake kila jioni, akaifunika, na asubuhi akawapa kuku.

Shule zilipofungwa mwezi wa sita, mama alianza kunituma kumpelekea baba chakula cha mchana shambani. Nadhani alitaka pawe na mtu wa kumwangalia, maana baba alikuwa amekonda. Huko ndiko nilikomkuta farasi wa kijivu ambaye wafanyakazi walimwita Mkorofi. Alitoka kwenye shamba lingine lililofungwa, na alikuja na makovu juu ya pua na nyuma ya masikio. Alikuwa anauma, anarusha mateke, na hakuna aliyeweza kumvalisha hata kamba ya kichwani. Mwenye shamba alikuwa amesema wazi mbele ya wote: msimu wa wageni ukifika kabla farasi huyo hajapandika, atapigwa risasi, kwa kuwa hawezi kumlisha mnyama wa kujeruhi watu.

Kazi ya kumtuliza alipewa baba, na pamoja na kazi aliletewa mwalimu. Aliitwa Tabitha, mwanamke kijana kutoka upande wa Naivasha, Kenya, aliyekuwa amejifunza kuwazoeza farasi bila kuwavunja moyo. Baba hakupenda. "Binti wa jana," alimwambia mama, "anakuja kunifundisha mnyama." Jambo la kwanza alilofanya Tabitha lilikuwa kukataa lile jina. Alisema ukimwita Mkorofi kila siku utamshika kama mkorofi. Yeye alimwita Mgeni, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa, na jina likashika. Jambo la pili lilikuwa kumnyang'anya baba fimbo, kwa heshima zote, "Naomba hiyo, mzee," na kuitundika kwenye mti ambako kila mtu aliiona.

Mafunzo yenyewe yalifanyika ndani ya uzio wa mviringo wenye mchanga. Farasi aliachwa huru, na mtu alisimama katikati mikono mitupu. Ukimkazia macho na kumwelekea kifua, anakimbia, maana hivyo ndivyo chui anavyofanya. Unamwacha akimbie akizunguka, huku ukitazama sikio lake la ndani. Sikio likikugeukia, maana yake ameanza kukuwaza. Hapo unashusha macho, unageuza bega, unampa mgongo. Basi. Tuzo yake ni kuachwa apumue. Baba aliuliza kwa nini wasimpe tu miwa au sukari. "Mkono mtupu haulambwi," alisema. Tabitha alicheka. "Ukimpa sukari, mzee, atapenda sukari. Wewe utabaki palepale."

Kulikuwa na kanuni nyingine, ambayo mimi niliishika haraka kuliko zote kwa sababu ilifanana na mchezo. Kabla hujanyanyua mkono karibu na farasi aliyepigwa, mwambie. Nachukua kamba. Nagusa shingo. Napita nyuma yako. Haelewi maneno, Tabitha alieleza, lakini atajifunza kwamba sauti hutangulia mkono, na kwamba mkono uliotanguliwa na sauti haujawahi kumwumiza. Baba aliona aibu kuzungumza na mnyama mbele ya watu. Alikuwa akinong'ona, akitazama huku na huku, kama mtu anayesali mahali pasipo pake.

Baba alishindwa siku nyingi. Tatizo lake lilikuwa mgongo. Hakuwahi maishani mwake kumpa mgongo kitu alichotaka kimtii. Alimkazia Mgeni macho hadi farasi alizunguka akitoka povu, naye baba katikati jasho likimtiririka, wote wawili wamekasirika. Mimi nilikaa juu ya uzio na bakuli la chakula linalopoa. Siku moja Tabitha aliniambia, "Nipa, njoo wewe." Jina langu ni Elinipa, lakini nani alikuwa na muda wa kulitaja lote. Niliingia. Bibi mzaa baba alikuwa Mwarusha, na alituzoeza tangu tukiwa wadogo kumsalimia mkubwa kwa kuinamisha kichwa ili atuguse utosini. Sikujua la kufanya mbele ya mnyama mkubwa kiasi kile, basi nikainamisha kichwa. Nilibaki hivyo, macho kwenye mchanga, nikisikia kwato zikipunguza mwendo, kisha zikisimama. Baadaye nilisikia pumzi ya moto kwenye nywele zangu. Nilinyoosha kiganja polepole, nikisema kwa sauti kwamba nanyoosha mkono, na Mgeni akakilamba. Hakikuwa na kitu. Nilimtazama baba, nikiwaza ile methali yake, na yeye akatazama kando.

Kuanzia hapo nilimzoeza Mgeni kila siku, mimi na baba kwa zamu, Tabitha akisimama nje ya uzio. Nilijifunza kumvalisha kamba ya kichwani, kumrudisha nyuma kwa kidole kimoja kifuani, na kuacha kumbonyeza mara tu anapokubali. Hapo kwenye kuacha ndipo penye elimu yote, alisema Tabitha. Nilijifunza kwamba farasi akilamba midomo yake na kushusha kichwa, kitu kimetulia ndani yake. Nilikuwa na furaha, na nilipofika nyumbani na kuiona ile sahani iliyofunikwa nilijisikia mwizi.

Kisha ikaja siku ambayo baba alifaulu. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye miti. Alisimama katikati, Mgeni akazunguka kidogo, sikio likageuka. Baba alishusha macho. Aligeuza bega, halafu, kwa shida, kama mtu mwenye maumivu ya kiuno, akageuka mzima na kumpa mgongo. Alingoja. Sijawahi kumwona baba akingoja kitu bila kukihimiza. Mgeni alipiga hatua, akasita, akapiga nyingine, hadi akaweka kichwa chake begani kwa baba, na baba hakujitikisa. Uso wake ulikuwa laini, uso ambao sikuujua. Mimi nilimchukia farasi yule. Nasema jinsi ilivyokuwa. Nilimchukia kwa kuwa alikuwa amengojewa, na sisi hatukuwahi kungojewa.

Siku chache baadaye mtunza bustani alipita kando ya uzio akiwa amebeba mpira wa kumwagilia begani, kipande kikining'inia kama mjeledi. Mgeni alipouona alirukia mbao za upande wa pili, akachubuka kifua, akasimama anatetemeka mwili mzima. Baba alikwenda kwake akizungumza sasa bila aibu, naja, nasogea, nagusa, akamfuta damu kwa shati lake mwenyewe. "Walimpiga huyu," aliniambia. "Walimpiga sana, watu wasio na huruma." Macho yake yalikuwa yamelowa. Nilimtazama nikingoja asikie alichosema. Hakusikia.

Usiniulize nilikuwa nawaza nini kesho yake, maana mtoto hawazi kwa mstari ulionyooka. Nilipita mpakani mwa shamba letu, nikachuma jani la isale, nikalifunga fundo kama nilivyowaona wakubwa wakifanya. Nilifika shambani mapema, nikaingia kwenye banda la Mgeni, nikamnyooshea jani kwa mikono miwili kwa adabu. Nilimwambia kwamba wote waliompiga wanaomba msamaha. Mgeni alilinusa, akalichukua, akaanza kulitafuna.

"Nachukua jani," alisema baba nyuma yangu, akiongea na farasi. Alipitisha mkono kando ya kichwa changu akalitoa mdomoni mwa Mgeni, likiwa limeng'atwa nusu, fundo bado lipo. "Hiki si chakula chake. Kitamwumiza tumbo." Kisha akaliangalia vizuri. "Nipa, unafanya nini?"

Nilimweleza.

"Kwani wewe ulimpiga?"

"Hapana, baba. Ila waliompiga hawatakuja. Nikaona asiendelee kungoja."

Nilishusha kichwa nikijiandaa, maana kuidharau isale ni jambo kubwa, na kumpa mnyama isale sijui kama lilikuwa na jina. Hakuna kilichotokea. Nilipoinua macho baba alikuwa bado amesimama palepale na jani mkononi. Hatimaye alilitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo, akaenda kuchota maji ya farasi.

Jumapili alitoka kanisani bila kusubiri mnada, akanishika mkono, tukaenda Kikatiti. Njiani niliona kwamba mfukoni mwake mna jani jipya, la kijani, lililofungwa fundo safi. Eliamani alikuwa kando ya barabara mbele ya kibanda cha fundi, amechuchumaa juu ya tairi, mikono myeusi. Alipotuona alisimama. Chuma cha kufungulia tairi kilikuwa mkononi mwake, na miguu yake, niliiona, ilikuwa tayari imegeukia upande wa nyuma wa kibanda. Baba alikuwa anamwendea moja kwa moja, kifua mbele, macho yamemkazia, na moyoni nilisema, ameshasahau, anamfukuza. Ni kama alinisikia. Alisimama mbali. Alishusha macho. Akageuza bega, akatazama malori yanayoshuka kuelekea Moshi.

"Eliamani," alisema. "Natoa kitu mfukoni."

Alitoa jani, akalishika pembeni, mkono umeshuka. Wamama wauza ndizi waligeuka kutazama. Lazima mwelewe aibu ile ilivyokuwa kubwa: mtu mzima, baba wa watu, amesimama barabarani na isale kwa ajili ya mtoto wake wa kumzaa. Mmoja wao alijifunika mdomo kwa kanga.

"Shikamoo, baba," alisema Eliamani.

"Marahaba."

Malori yalipita. Eliamani hakusogea. "Nina kazi, baba," alisema mwishowe.

"Fanya kazi yako."

Baba aliketi juu ya tairi bovu, akampa mgongo, jani juu ya goti. Tulikaa hapo hadi jua likageuka. Eliamani aliziba pancha moja, akaziba nyingine, akapita karibu yetu kuchota maji ya kupimia mpira, akarudi kwa kuzunguka mbali. Isale haikataliwi, kila mtu anajua, na kaka yangu hakuikataa. Ila hakuipokea. Wakati wa kuondoka baba aliliacha jani juu ya lile tairi. Nililia kwa hasira, sijui nilimkasirikia nani. Nilipogeuka nyuma nilimwona Eliamani akiliokota, akalichomeka kwenye waya chini ya paa la kibanda, mahali ambapo halitakanyagwa.

Ndugu za baba waliposikia walikuja tena sebuleni, safari hii bila kungoja chai. Baba yake mkubwa alimwambia kwamba ameugeuza ukoo miguu juu, kwamba watoto wa kijiji kizima sasa watadai isale kila wakichapwa. Baba alisikiliza, akasema, "Nimesikia, mzee." Jumapili iliyofuata alikwenda Kikatiti, na iliyofuata, na iliyofuata tena. Ule ufito ulitoka juu ya kabati, mama akautumia kuegemezea maharage. Mgeni alipandika kabla ya msimu. Baba alimpanda wa kwanza, mimi wa pili, na hakuna risasi iliyolia. Eliamani alikuja nyumbani Krismasi. Alikula akiwa amesimama mlangoni, akaondoka kabla ya giza.

Ningependa kusema kwamba subira ilivuta heri, kama wasemavyo, na mambo yakaisha. Hayakuisha. Mgeni aliishi miaka mingi baada ya hapo, akabeba watoto wa wageni wasiojua hata kushika hatamu, akawa mpole kuliko wote bandani. Lakini mpaka alipokufa kwa uzee, mkono ukinyanyuka ghafla karibu yake, kichwa chake kiliruka juu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na farasi hana njia ya kuambiwa kwamba nyoka ameondoka. Ana njia ya kuonyeshwa tu, kila siku, na siku ukisahau unaanza upya. Wakati mwingine huwaza kwamba farasi alibahatika. Wabaya wake walikuwa wengine, na aliyemngoja alikuwa mwingine. Eliamani wote wawili aliwapata ndani ya mtu mmoja.

Sasa mimi naishi Olasiti, na Eliamani ana duka lake la matairi palepale Kikatiti, mke na watoto wawili ambao hawajui harufu ya farasi. Baba amestaafu na anatembea na mkongojo. Watu wa kanisani husema uzee umemlainisha. Hawajui kwamba ni kazi, na kwamba anaifanya hadi leo. Kila Krismasi tunakusanyika Kikwe, mama anapika loshoro, yale mahindi ya kuchanganywa na maziwa ya mgando, na nyama, na Eliamani hukaa siku hizi mezani, lakini kwenye kiti cha karibu na mlango. Ana mvi kidogo. Mkono wa baba ukinyanyuka, mabega yake hupanda, mtu mzima mwenye watoto, na baba huona, nasi tunaona, na hakuna anayesema. Kwa hiyo baba husema kwanza. Nachukua maji. Nainuka. Watoto wa Eliamani humcheka, wakidhani ndivyo wazee walivyo.

Krismasi iliyopita kikopo cha chumvi kilikuwa mbele ya Eliamani. Baba aliweka kijiko chini, akageuza bega kidogo, akatazama dirisha.

"Nachukua chumvi," alisema, kisha akangoja.

Eliamani alikichukua kikopo akamsogezea, hadi vidole vyao vikakaribia kugusana. Baba alijitilia chumvi juu ya nyama ambayo mama alikuwa ameshaitia chumvi ya kutosha, akaila yote.